Makoti Ishirini na Manne na Kimshale Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Likizo imeanza. Siku kumi na nne bila kusoma mita ya maji ya mtu yeyote! Miaka kumi na tisa nimechungulia mashimo ya watu, nimefukuzwa na mbwa wao, nimefuta matope kwenye vioo vya mita kwa leso yangu mwenyewe. Sasa napumzika. Nimenunua daftari niandike mapumziko yangu.

Mapumziko yamedumu hadi saa nne asubuhi. Shemeji kaja. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi wa kompyuta, mtu wa kuingia kwanza ndipo abishe hodi. Kambebea dada yake kompyuta mpya. Zawadi! Nyembamba, nyeusi, haitoi hata mlio. Mimi mwaka jana nilimpa mke wangu kifuniko cha cherehani, na kilikuwa kidogo.

Mke wangu ni fundi wa nguo. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami pia namwita hivyo, hasa nikiwa na kosa. Karakana yake ni sebule yetu. Mwezi uliopita kapata kazi ambayo hajawahi kuipata: makoti ishirini na manne ya bendi ya matarumbeta ya kikosi cha zimamoto. Gwaride ni Jumamosi ya wiki ijayo. Makoti yakipendeza, Fundi atakuwa mshonaji wa kikosi moja kwa moja, na atapewa chumba pale kituoni chenye madirisha makubwa mawili. Chumba hicho anakitaja hata akipiga mswaki.

Vipimo vya wanabendi wote vimo kwenye kompyuta ya zamani. Shemeji akasema atakuja Jumatano jioni avihamishe. Nikamwambia asijisumbue, kazi hiyo naiweza. Wakatazamana. Fundi akaniambia polepole kwamba vipimo vile vikipotea, yeye na cherehani yake watahamia kwa mama yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Ndani ya kompyuta ya zamani nina waraka wa siri. Nimeuita "Mita Mbovu" ili usimvutie mtu. Ndani yake kumeandikwa "Makosa ya Shemeji". Yamefika sitini na moja. La kwanza: alikuja kwenye harusi yetu amevaa viatu vinavyong'aa kuliko vya bwana harusi. Shemeji akiuona waraka ule nitakiona cha mtema kuni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na mipangilio. Mtu mwenye akili huanza na mipangilio.

Nimeweka kompyuta mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Kila nilichokiona kwenye ya zamani nimekiweka kwenye mpya. Maandishi makubwa, kwa sababu ya macho ya Fundi. Mlio wa jogoo mashine inapowaka. Picha ya harusi yetu nyuma ya skrini, ile ile, ila nimekata kidogo upande wa kulia. Shemeji alikuwa upande wa kulia.

Fundi akapita na chaki mdomoni, akatazama, akasema haziachani kama pacha. Kanisifu! Mara ya mwisho kunisifu ilikuwa nilipopata mafua nikanyamaza siku mbili.

Shemeji kapiga simu kuuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia mambo ni shwari. Akauliza kama najua faili ziko wapi hasa. Swali la kunidharau! Ziko pale kwenye skrini, nazitazama. Nimeongeza kosa la sitini na mbili.

Jumatano, 5 Machi

Nimehamisha! Peke yangu!

Fundi haandiki majina ya wateja. Anasema jina halimsaidii akiwa ameshika mkasi. Anawaita kwa miili yao. Kwenye skrini kuna vijipicha ishirini na vinne vya faili za bendi: Shingo Hakuna, Bega Moja Chini, Mikono Imemzidi, Kabati, Kiuno cha Nyigu, Anayezuia Pumzi, na wengineo. Kila kijipicha kina kimshale kidogo pembeni, chini kushoto. Nadhani maana yake faili iko tayari kusafiri.

Nikachomeka flashi. Nikavikusanya vyote, pamoja na "Mita Mbovu" yangu, ambayo nayo Shemeji aliiwekea kijipicha chenye kimshale bila hata kuifungua, nikanakili. Nilijiandaa kusubiri. Nilikuwa nimeleta kiti chenye mto. Kumbe sekunde moja tu! Shemeji hutumia mchana mzima kwa kazi kama hii. Sasa najua kwamba muda wote huo huwa anajitafutia sifa.

Nikavimwaga kwenye kompyuta mpya. Kila kimoja mahali pake, kimshale pembeni. Kisha, ili pasibaki ushahidi, nikavifuta vyote kwenye ya zamani. Nikamwaga na pipa la taka. Safi!

Kabla ya saa tisa mashine ya zamani ilikuwa kwa kinyozi wa mtaani kwetu. Anataka kupigia muziki. Tumebadilishana: yeye kachukua kompyuta, mimi nanyolewa bure mwaka mzima. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Fundi akaniuliza ananyoa nywele zipi. Kweli zilizobaki ni chache, lakini makubaliano ni makubaliano.

Jioni Shemeji akaja akakuta kazi imekwisha. Mdomo wazi! Nilimpa maji ya kunywa kwa furaha.

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu.

Fundi alikwenda kuchukua kitambaa. Nikasema nimfungulie faili moja, akirudi aikute tayari. Nikabonyeza Shingo Hakuna. Mashine ikasema kitu hicho hakipatikani. Nikabonyeza Kabati. Hakipatikani. Bega Moja Chini. Hakipatikani. Nimebonyeza zote ishirini na nne, tena nyingine kwa hasira. Nikaizima, nikaiwasha. Jogoo akawika. Hakipatikani.

Jasho jembamba likanitoka. Kwenye ya zamani nimefuta kwa mikono yangu miwili. Kwa hiyo vipimo havipo popote duniani.

Nikafikiria kumwambia Fundi. Nikakumbuka cherehani na mama yake. Nikafikiria kumwambia Shemeji. Nikaona bora nihamie mimi kwa mama yake.

Fundi alirudi na roli la kitambaa cha bluu begani, anaimba. Akasema ataanza kukata Jumatatu. Akaligonga lile roli kwa mkono, kama mtu anavyompigapiga mtoto mgongoni, akasema kitambaa kimetosha hasa, hakuna cha kuchezea. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma zaidi.

Nina mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: kuwapima upya wote ishirini na wanne bila Fundi kujua.

Tepu yake ya kupimia siwezi kuigusa, hulala nayo shingoni. Lakini kwenye droo kuna nyingine mpya, niliyomnunulia mwaka wa kwanza wa ndoa, baada ya kusahau pasi juu ya ile ya zamani. Bado imo ndani ya pakiti! Miaka kumi na miwili hajaifungua. Yeye anang'ang'ania ile iliyoungua. Nimeiweka kwenye mkoba wangu wa mita nikaenda kituo cha zimamoto.

Kamanda wa kikosi ndiye kiongozi wa bendi. Mtu mrefu, sharubu zimenyooka. Nikamwambia Fundi kanituma kuhakiki, maana miili ya watu hubadilika. Nikamwomba wasimtajie, hapendi kuonekana ana wasiwasi. Kamanda akapuliza filimbi. Ndani ya nusu dakika wamejipanga mstari, mikono juu.

Kupima si kazi. Kazi ni kujua nani ni nani! Siwezi kumuuliza askari wa zimamoto kama yeye ndiye Shingo Hakuna. Ikabidi niwazunguke, nichungulie migongo, nikadirie. Watu watatu wana bega moja chini. Anayezuia Pumzi nilimjua haraka, aligeuka rangi. Kiuno cha Nyigu sikumwona kabisa. Ama amenenepa, ama Fundi alikuwa anamfanyia mzaha Kamanda.

Nilifika mtu wa kumi na saba. Huyu ni mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la kuvaliwa begani. Wenzake wanamwita Tuba. Ndiye Kabati, hilo halikuwa na ubishi. Nimezungusha tepu kifuani pake, ncha hazijakutana vizuri, kengele ikalia. Moto! Wote wakatawanyika. Gari likatoka linapiga king'ora, na Tuba amesimama nyuma, na tepu yangu imemzunguka inapepea.

Baadaye nikasikia ilikuwa sufuria imeungua kwa mtu. Wamebaki saba ambao sikuwapima. Hakuna neno. Mtu aliyesoma mita miaka kumi na tisa hashindwi kukadiria watu saba.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi kaenda kununua vifungo. Nimechapa faili ishirini na nne mpya, nimezipa majina yale yale, nimefuta zile zilizogoma. Zinafunguka zote! Nimezifungua mara tatu tatu kwa raha tu.

Kasoro moja. Zangu hazina kimshale pembeni. Zinaonekana kama zimepungukiwa. Nimehangaika saa nzima kutafuta kimshale kinawekwaje, sikupata. Nikaomba Fundi asigundue.

Hakugundua. Alifungua Kabati, akasoma, akafungua Mikono Imemzidi, akasoma. Akakunja uso kidogo. Akasema ajabu, Kabati kapungua. Nikasema zimamoto wanakimbia sana siku hizi.

Jumatatu, 10 Machi

Sauti ya mkasi kutwa. Kruu, kruu, kruu. Kakata makoti sita, kashona mawili, la Kamanda na la Tuba, kwa sababu hao wanakuja kesho kujaribu. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Hatari imepita.

Shemeji kaja kula nasi. Akauliza kompyuta inaendeleaje. Nikamwambia haijanisumbua hata kidogo, nikampa ushauri mdogo kuhusu flashi. Akaniambia ahsante. Fundi akamuuliza mbona hata yeye hafanyi kazi haraka hivyo. Utamu wa usiku ule chakula hakikuwa nao.

Jumanne, 11 Machi

Naandikia jikoni. Sebuleni sikubaliki.

Kamanda na Tuba walifika saa tatu kamili. Kamanda akavaa koti. Likagoma kufunga. Fundi akamwambia ashushe pumzi. Akashusha. Akavuta kifungo cha kwanza, kikafunga. Cha pili, kikafunga. Kisha akasema "Ahsante, Fundi," na kile cha pili kikaruka, kikagonga kioo cha ukutani, kikapotelea chini ya cherehani. Tuba hata mkono wa kwanza haukupita. Alibaki amekwama, mkono mmoja hewani.

Fundi akaivua tepu yake shingoni. Akamwambia Kamanda asimame, akampima kwa tepu yake. Arobaini na saba. Akafungua faili. Arobaini na nne. Akampima tena. Arobaini na saba. Nikaingilia kati kwa ujasiri, nikasema tepu yake ndiyo mbovu, imeungua, tazama, inaanzia inchi ya tatu!

Akaniambia anajua inaanzia inchi ya tatu. Aliijua tangu siku nilipoiweka chini ya pasi. Kwa miaka kumi na miwili huandika anachokisoma, na akifika mezani kukata, hutoa tatu. Kila kipimo, kila mteja. Ndiyo maana tepu mpya hakuifungua. Angeanza kuichanganya na hii, angewaharibia watu nguo.

Nikafanya hesabu kimoyomoyo. Mimi niliandika kipimo cha kweli. Yeye akatoa tatu. Makoti sita yote yamekatwa inchi tatu pungufu.

Hapo Tuba akakumbuka jambo. Kwa mkono wake ulio huru akatoa kitu mfukoni, kimekunjwa vizuri, akanipa kwa adabu zote.

"Mzee, hii uliisahau kifuani kwangu Ijumaa."

Fundi akaitazama tepu. Akaitazama droo. Akanitazama mimi. Akipiga kelele, nyumba hii iko salama. Hakupiga kelele.

Jumatano, 12 Machi

Nimeungama. Yote: flashi, kufuta, kinyozi, kituo cha zimamoto. Nilisema nikitazama sakafu. Fundi akauliza kwa nini sikumwambia siku ile ile. Akasema chumba chenye madirisha kilikuwa mikononi mwake na mimi nimempokonya. Macho yake yakajaa machozi, naye si mtu wa kulia. Niliona aibu ya kweli, si ile ya kuigiza.

Akampigia mdogo wake simu.

Shemeji akaja ndani ya dakika kumi. Sikumwona akifurahi, na hilo liliniuma zaidi. Akauliza kompyuta ya zamani iko wapi. Tukaongozana watatu hadi kwa kinyozi. Ilikuwa juu ya kabati la mataulo, inapiga muziki, inanguruma katikati ya nyimbo. Shemeji akaomba dakika tano, akaketi kwenye kiti cha wateja, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Folda ikafunguka. Zikatokea zote. Shingo Hakuna, Kabati, Bega Moja Chini, wote ishirini na wanne, wazima kabisa!

Nilitaka kumkumbatia. Akaanza kunieleza. Vile vijipicha vyenye kimshale havikuwa faili, vilikuwa vibao tu vya kuonyesha faili ilipo. Aliviweka mwenyewe mwezi uliopita ili dada yake asihangaike kutafuta. Mimi nimeng'oa vibao vya dukani nikahamia navyo, duka nikaliacha pale pale. Na nilipofuta, nimefuta vibao. Ndivyo alivyosema, nadhani. Nilikuwa natikisa kichwa, lakini sikusikia vizuri, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinashuka kwenye orodha, kinaelekea "Mita Mbovu".

Akaufungua. Akasoma. Kinyozi akazima muziki.

Akasoma kwa sauti kutoka la kwanza hadi la sitini na mbili, mbele ya wateja wawili wenye povu mashavuni. Alipofika viatu vya harusini, Fundi akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia tena. Kumbe anacheka! Kinyozi akaangusha wembe. Shemeji akamaliza, akakuna kidevu, akasema la kumi na nne na la arobaini ni kosa moja, nimelihesabu mara mbili. La ishirini na tatu ni kweli, akaomba radhi. Viatu vile, akasema, aliviazima.

Tumerudi nyumbani na vipimo vyote. Makoti sita yaliyokatwa, Fundi kayatia kipande chekundu kila ubavu na kila mkono, toka kwapani hadi chini. Mimi nimepewa vifungo. Makoti ishirini na manne, kila koti vifungo vinane.

Jumamosi, 15 Machi

Vifungo mia moja tisini na viwili vimekamilika jana saa kumi na mbili jioni. Vidole vyangu havikunjiki.

Gwaride! Bendi ilitoka kona ya barabara, bluu na nyekundu. Kamanda alipoona utepe mwekundu wa koti lake alidai wote wawekewe, na wote waliwekewa. Watu walisimama juu ya viti. Tuba alijaza mashavu, akapuliza, kifungo kimoja kikaruka kikalia kwenye matoazi kama kimepangwa. Kile nilikishona mimi. Watu wakapiga makofi.

Baada ya gwaride Kamanda akamkabidhi Fundi ufunguo wa chumba. Akaukamata kwa mikono miwili. Alimshukuru mdogo wake mbele ya kikosi kizima. Halafu akanishukuru mimi kwa vifungo, mia moja tisini na kimoja. Nilisimama karibu na Shemeji. Alikuwa amevaa viatu vya kawaida kabisa. Ni mtu mzuri, nimeona nilikuwa namwonea.

Jumapili, 16 Machi

Likizo inaisha leo. Nimejifunza mengi.

Jana kabla hatujaondoka, Kamanda alilalamika kwamba kituo kimepata kompyuta mpya na hakuna wa kuhamisha rejista yao, anwani za mji mzima, kila nyumba na njia ya kuifikia. Shemeji alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Nikamwambia Kamanda kwamba kazi kama hizo nina uzoefu nazo, wa hivi karibuni. Tumekubaliana Jumatano, nikitoka kazini. Sijamwambia Fundi. Nataka ashtukie.

Kwa mazoezi nimeanza na shajara hii. Nimeichapa yote kwenye kompyuta mpya, kuanzia Jumatatu ya kwanza. Na nimegundua kimshale kinawekwaje! Unabonyeza upande wa kulia wa kipanya, unachagua, kinatokea chenyewe pembeni. Kimependeza sana. Sasa zikawa shajara mbili kwenye skrini, moja ina kimshale na moja haina.

Yenye kimshale nimeinakili kwenye flashi. Haikuchukua hata sekunde moja! Isiyo na kimshale nimeifuta, ya nini kurundika vitu. Nimemwaga na pipa la taka.

Hili daftari halina kazi tena. Fundi anatafuta karatasi ya kukatia ruwaza za kola, nampelekea sasa hivi.